Cheti cha Fundi Kompyuta na Mshahara wa Kuanzia: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Ada

Maandishi ya mazungumzo na wazazi na vijana wa Kikwajuni

 

Tumekuja na swali moja ambalo watu huuliza kwa sura nyingi. Kijana amemaliza skuli, ana mkono mwepesi wa kufungua na kufunga vifaa, na majirani wamekwisha mzoea kumletea simu na kompyuta zao zilizogoma. Anaona tangazo la mafunzo ya ufundi wa kompyuta yenye cheti cha kimataifa. Anauliza: nikikipata cheti hicho, nitaanza kazi kwa mshahara gani? Mzazi huuliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine: fedha nitakazotoa zitarudi?

Huenda mtu akastaajabu kwamba ofisi ya kumlinda mnunuzi inajiingiza katika habari za mishahara. Lakini mafunzo nayo ni bidhaa. Hutangazwa, hupangiwa bei, hulipiwa kabla ya kuonjwa, na mnunuzi hawezi kuyarudisha dukani akiona hayakumfaa. Tena fedha zinazoyalipia si za mchezo. Ni mchango wa familia nzima, au bangili za mama zilizopelekwa kwa sonara, au sehemu ya fedha za karafuu zilizotumwa na mjomba kutoka Pemba. Kinachouzwa hasa katika matangazo mengi ya namna hii ni mshahara unaoahidiwa baada ya somo, kuliko somo lenyewe. Kwa hiyo ni haki tuutazame mshahara huo kama tunavyotazama uzito ulioandikwa juu ya mfuko wa mchele.

Jibu letu fupi, kabla ya maelezo, ni kwamba cheti hakina mshahara wake. Hakuna sheria ya Zanzibar inayosema mwenye cheti fulani cha kampuni fulani alipwe kiasi fulani. Sheria huweka sakafu ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Yaliyo juu ya sakafu hiyo huamuliwa na aina ya mwajiri, ukubwa wa kazi, na yale ambayo kijana anaweza kuyafanya kwa mikono yake siku ya kwanza. Cheti humfanya mwajiri akusikilize. Anachosikia baada ya hapo ni jambo jengine.

Tuanze na sakafu yenyewe. Masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na hutangaza kima chake cha chini cha mshahara. Mwaka 2024 kima cha chini kwa sekta binafsi kilipandishwa kutoka shilingi 270,000 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Yafaa kuyakumbuka haya kwa sababu vijana wengi husoma katika simu zao viwango vinavyotangazwa Dodoma kwa ajili ya Tanzania Bara, wakavileta kwa mwajiri wa Mlandege na kushangaa kuambiwa havimhusu. Ni kweli havimhusu. Kinachomhusu ni kile cha Zanzibar, na mahali pa kukihakikisha, pamoja na kundi la kazi yako, ni Kamisheni ya Kazi.

Ukigawa shilingi 347,000 kwa siku 26 za kazi utapata kama shilingi 13,300 kwa siku. Tunaitaja hesabu hii ndogo ili kijana aione sura ya kianzio chake. Fundi mpya, mwenye cheti au asiye nacho, asishangae akipewa ofa iliyo karibu na sakafu hiyo. Asishangae, lakini pia asidhani kwamba ndiyo dari.

Basi zile fedha nyingi za kwenye matangazo zinatoka wapi? Aghalabu zinatoka Marekani. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo huchapisha mishahara ya kazi mbalimbali, na kwa mtu anayewasaidia watumiaji wa kompyuta, mshahara wa katikati umekuwa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kwa miaka kadhaa sasa. Tarakimu hiyo ni ya kweli. Tatizo ni safari yake. Mwenye tangazo huigawa kwa 12, huizidisha kwa bei ya dola, kisha huiweka chini ya picha ya kijana aliyevaa shati jeupe, bila ya kusema kwamba huo ni mshahara wa huko, kwa kodi ya nyumba ya huko. Wala hasemi kwamba mshahara wa katikati maana yake nusu ya wafanyakazi wako chini yake, na katika nusu hiyo ndimo walimo wengi wa wanaoanza.

Kuna tarakimu nyengine inayokaribia nyumbani zaidi, nayo hupotosha kwa sababu hiyo hiyo. Tangu mpango wa Silicon Zanzibar ulipotangazwa mwaka 2022, watu wamezoea kusikia kwamba teknolojia imehamia Unguja. Mpango huo unalenga kuvutia kampuni za teknolojia na wataalamu wake, wengi wao watengenezaji wa programu na wasimamizi wa miradi. Fundi anayebadilisha diski, anayepitisha nyaya za mtandao na kurekebisha printa ni mtu wa lazima katika kila ofisi, lakini mizani ya malipo yake si ya mtengeneza programu. Mkiona tangazo linalozichanganya kazi hizi mbili, muulize mwenye tangazo anakusudia ipi.

Sasa tuje kwenye vyeti, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Neno cheti lina maana mbili katika soko hili. Kuna cheti cha kuhudhuria, ambacho kituo chochote kinaweza kukichapisha na kukitia muhuri. Kinasema ulikuwapo darasani. Na kuna cheti cha mtihani, ambacho hutolewa na mwenye mtihani mwenyewe baada ya kufaulu katika kituo kilichoidhinishwa au chini ya usimamizi wa mtandaoni. Muuzaji mjanja hutangaza cha pili na kukukabidhi cha kwanza. Hata pasipo ujanja hutokea kutoelewana: mtu amemaliza kozi ya Cisco Networking Academy, amepewa hati ya kumaliza somo, akaandika katika wasifu wake kwamba ana CCNA. Hana. Kozi ilikuwa ya kumtayarisha. CCNA hupatikana kwa kufaulu mtihani wenye namba 200-301, unaolipiwa peke yake, na bei yake ya kawaida ni dola 300. Mwajiri anayejua tofauti hiyo, akiisoma katika karatasi yako, hataona kosa dogo la maandishi. Ataona mtu asiyeaminika.

Cheti kinachotajwa zaidi kwa fundi anayeanza ni A+ cha CompTIA. Hiki si mtihani mmoja, ni miwili, na lazima yote miwili iwe ya toleo moja. Kwa Kiingereza, mitihani ya 220-1101 na 220-1102 ilifungwa Septemba 2025, na nafasi yake imechukuliwa na 220-1201 na 220-1202. Kwa hiyo kituo kinachoendelea kuuza kozi kwa vitabu vya toleo lililofungwa kinakufundisha kwa ajili ya mtihani usioweza tena kuufanya. Huko Marekani kila mmoja wa mitihani hii huuzwa kwa zaidi ya dola 200. Bei ya kwetu iulizwe kwa Pearson VUE, wanaosimamia mitihani hiyo, kabla ya kuamini bei ya kituo. Swali la kwanza la kuuliza mapokezini ni hili: ada yenu ina malipo ya mitihani yote miwili ndani yake, au ni ya masomo tu? Wapo wanaojibu kwa sauti kubwa kuhusu masomo na kwa sauti ndogo kuhusu mitihani.

Jambo la pili ni umri wa cheti. A+ hudumu miaka 3, na CCNA hali kadhalika. Baada ya hapo huna budi kukihuisha. Vyeti vya Microsoft vya ngazi ya msingi havina mwisho, lakini vile vya kazi maalumu huhuishwa kila mwaka, na kuhuisha huko hakulipiwi. Kisha kuna vyeti vilivyokufa kabisa. MCSA ya Microsoft, ambayo kaka zenu wengi waliitafuta kwa jasho, ilistaafishwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Aliyeipata zamani anayo, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini leo hakuna mtihani wa kuipata, na kituo kinachoahidi kukupa MCSA mpya kinakuuzia jina la marehemu.

ICDL nayo tuitaje kwa haki yake. Ni cheti kizuri cha kumtambulisha mtu kuwa anajua kutumia kompyuta: kuandika barua, kupanga hesabu katika majedwali. Kinamfaa karani, mhasibu au mwalimu. Hakimfanyi mtu kuwa fundi, kama vile leseni ya udereva haimfanyi mtu kuwa makanika.

Uhalisi wa cheti cha kweli unaweza kuhakikiwa. CompTIA, Cisco na Microsoft wote wana njia ya mwajiri kukihakiki cheti mtandaoni na kuona kama kipo hai. Kijana anayekwenda kwenye usaili na aandike namba au kiungo cha kuhakiki juu ya wasifu wake bila ya kuombwa. Na tunapenda kuonya, bila ya kuremba, juu ya mafaili yanayouzwa ya maswali na majibu yaliyoibwa ya mitihani. Mbali na kuwa ni udanganyifu, wenye mitihani hukifuta cheti wakigundua, na ada haitarudi.

Baada ya cheti, tumtazame mnunuzi wa pili katika habari hii, yaani mwajiri.

Serikali kwanza, kwa sababu ndiyo inayotamaniwa zaidi na ndiyo inayoelezeka kwa maneno machache. Katika utumishi wa umma, mshahara hufuata muundo wa utumishi, na muundo huo hutazama ngazi ya elimu inayotambuliwa: astashahada, stashahada, shahada. Cheti cha kampuni ya nje kinaweza kumpamba mwombaji, lakini hakisimami mahali pa stashahada. Anayelenga Mamlaka ya Serikali Mtandao au kitengo cha TEHAMA cha wizara yoyote aanze na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au Taasisi ya Karume ya Mbweni, au chuo chengine ambacho tuzo zake zinatambuliwa, kisha cheti kiwe nyongeza. Na kwa aliyeishia njiani katika masomo ya darasani, vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama kile cha Mwanakwerekwe, vimewekwa kwa ajili yake. Ada za huko zilinganishwe na za vituo vya binafsi kabla ya kutoa senti.

Maduka ya Darajani na Mlandege ni skuli ya namna yake. Huko cheti hakiulizwi sana. Mwenye duka anataka kujua kama unaweza kuifufua kompyuta ya mteja kabla ya magharibi bila ya kupoteza picha za harusi zilizomo ndani yake. Malipo mara nyingi ni kwa kazi: fedha ya ufundi hugawanywa baina ya duka na fundi. Mgawanyo huo usiachwe hewani. Ukiambiwa nusu kwa nusu, uliza kama nusu hiyo inakatwa kabla au baada ya kuondoa bei ya kipuri, na nani anabeba hasara kifaa kikiharibikia mikononi mwako. Tofauti baina ya majibu hayo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti baina ya kuwa na cheti na kutokuwa nacho.

Hoteli ni habari ndefu zaidi, na kwa rai yetu ndiko ambako kijana wa Unguja mwenye cheti ana nafasi nzuri ya kuanzia. Hoteli ya Nungwi, Kiwengwa au Paje ina mtandao usiotumia waya katika kila chumba, kamera, programu ya mapokezi, printa za risiti katika mgahawa na baa. Mgeni asiyepata intaneti huandika malalamiko yake kabla hajafungua sanduku. Mwenye hoteli anayajua haya, na meneja aliyetoka nje huenda anaijua CompTIA kwa jina. Lakini kuna mambo ambayo mtihani wa CompTIA haufundishi na hoteli za pwani huyahitaji kila siku: hewa ya chumvi inayokula vituo vya nyaya na bodi za ndani, umeme unaopanda na kushuka, vumbi la mchanga katika feni. Waliokuwa watu wazima wakati umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 kwa muda wa miezi mitatu watakumbuka nani walikuwa na kazi: waliojua jenereta, betri na vidhibiti umeme. Fundi kompyuta anayeweza kueleza katika usaili atakavyokilinda chumba cha seva dhidi ya chumvi na umeme wa kuyumba, huyo ana kitu cha kuombea mshahara.

Hapo ndipo hesabu ya mfuko inapohitajika. Tuchukue mfano, na tunasisitiza kwamba ni mfano wa hesabu tu, hatutangazi kiwango cha soko. Kijana wa hapa Kikwajuni amepata ofa mbili. Duka la Mlandege linampa shilingi 400,000. Hoteli ya Nungwi inampa 360,000, pamoja na chakula na basi la wafanyakazi. Wengi wetu tungekimbilia 400,000. Lakini Mlandege atajilisha mwenyewe; akila mchana kwa shilingi 3,000 kwa siku 26, ametumia 78,000, na amebakiwa na 322,000. Nauli hana, maana kutoka hapa ni mwendo wa miguu; angekuwa anatoka Fuoni tungeitoa nayo. Hoteli imemwachia 360,000 yake kamili. Upande wa pili, dukani hutoka jioni na anaweza kuhudumia wateja wake mwenyewe, ilhali hotelini anaweza kuamshwa usiku kwa sababu ya chumba kimoja. Hatumwambii achague ipi. Tunamwambia asilinganishe tarakimu mbili zilizo uchi.

Na kiasi kilichoandikwa katika mkataba sicho kitakachoingia mkononi. Kuna mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ambao mfanyakazi hukatwa na mwajiri huongeza wake. Kuna kodi ya mishahara kwa anayefikia kiwango chake. Kuna Mfuko wa Huduma za Afya. Vijana huyaona makato haya kuwa ni wizi, sivyo. Cha kuogopa ni mwajiri anayekuambia hatakukata chochote kwa kukufanyia hisani. Huyo hakuandikishi popote, na siku utakayoumia au kuondoka utakuwa hukuwahi kuajiriwa.

Turudi sasa kwa mzazi na swali lake: fedha zitarudi? Tufanye hesabu mbele yenu, tena kwa mfano. Tuseme masomo na mitihani yote imegharimu shilingi 1,500,000. Tuseme kijana angeweza kuajiriwa bila ya cheti kwa sakafu ya 347,000, na kwa sababu ya cheti amepewa 427,000. Faida ya cheti ni 80,000 kwa mwezi, si 427,000. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gawa 1,500,000 kwa 80,000 na utaona kwamba ada itarudi baada ya takriban miezi 19. Cheti kitadumu miezi 36. Katika mfano huu biashara inalipa, ingawa si kwa haraka ya tangazo. Sasa badilisha jambo moja: akae miezi 12 akitafuta kazi baada ya kufaulu. Miezi 12 na 19 ni 31, na cheti kimebakiwa na miezi 5 kabla ya kudai kuhuishwa. Ongeza ada hadi 3,000,000 na biashara haisimami tena. Kila familia iweke tarakimu zake katika hesabu hii kabla ya kwenda kwa sonara.

Ndiyo maana tunapendelea kijana aanze na njia za bei nafuu ajijue kwanza kama kazi hii ni yake. Baadhi ya masomo ya Cisco Networking Academy hutolewa bure mtandaoni. CompTIA wenyewe hawadai sharti lolote la kuingia katika mtihani wa A+, lakini hushauri mtu awe na uzoefu wa vitendo wa kama mwaka mmoja. Ushauri huo wa mwenye mali tuuzingatie: mwaka mmoja wa kukaa karibu na fundi, ukifungua na kufunga, hukufaulisha kwa ada ndogo, maana hulipii tena mtihani ulioanguka.

Walakini mwaka huo wa kukaa karibu na fundi una mtego wake. Uanagenzi ni jambo la heshima, na mafundi wengi wa redio na televisheni wa mji huu waliupata ufundi kwa njia hiyo. Kinachotusikitisha ni kijana aliyemaliza mafunzo, ana cheti, anafanya kazi kamili kuanzia asubuhi hadi jioni, wateja wanamwita fundi, na bado mwezi wa nane anaambiwa yumo katika kujitolea na kupewa fedha ya nauli. Kama ni uanagenzi, uwe na maandishi: utaanza lini, utakwisha lini, utafundishwa nini, utapewa posho gani. Kama ni kazi, ilipwe kama kazi. Baina ya hizo mbili hakuna ya tatu, hata ikipewa jina zuri.

Tumeulizwa pia namna ya kulizungumza suala la mshahara bila ya kuonekana mtu asiye na adabu. Wengi wetu tumelelewa kuona haya mbele ya mkubwa, na mwajiri aghalabu ni mtu wa umri wa baba. Akisema, "Mwanangu, wewe taka kiasi gani?", vijana hujibu, "Chochote utakachoona, mzee." Jibu hilo lina adabu lakini halina faida. Unaweza kusema kwa heshima ile ile: "Mzee, nimefaulu mitihani yote miwili ya A+ na namba ya kuhakiki ipo hapa. Naweza kufunga mtandao wa ofisi na kuhifadhi kumbukumbu zenu zisipotee. Naomba tuanze na kiasi fulani, na baada ya miezi mitatu uniangalie kazi yangu tuzungumze tena." Hapo umetaja kiasi, umetaja sababu yake, na umemwachia mlango. Kisha omba yaandikwe. Mkataba wa maandishi usiwe jambo la kuonea haya. Hata nikaha ina mashahidi.

Kabla ya kukitaja kiasi hicho, nenda kawaulize watu watatu walio kazini, wa waajiri wa namna moja na unayemwendea: mmoja aliyeanza mwaka huu, mmoja mwenye miaka miwili, na mmoja aliyeondoka. Yule aliyeondoka husema kweli zaidi.

Kwa upande wa vituo vya mafunzo, mtu akikuahidi ajira au mshahara, mwambie akuandikie ahadi hiyo juu ya karatasi yenye jina na muhuri wa kituo. Akikataa, umekwisha pata taarifa uliyoihitaji. Lipa kwa awamu ikiwezekana, chukua risiti kwa kila awamu, na ulipigie picha tangazo siku ile ile uliyoliona, kwa sababu matangazo ya mtandaoni hubadilika usiku. Malalamiko yakifika kwetu yakiwa na risiti na picha ya tangazo, tuna pa kuanzia. Yakifika na maneno matupu, kituo kitasema hakikuahidi kitu.

Swali la mwisho ni hili: kijana amekaa mwaka mzima bila kazi, leo ameitwa na kupewa 250,000, akatae? Mtu mwenye njaa haambiwi kwa wepesi akatae. Lakini mwajiri huyo yuko chini ya kima cha chini, na hilo si la mapatano baina yenu wawili. Mwambie kwa upole kwamba kiwango cha sekta binafsi kilichotangazwa mwaka 2024 ni 347,000, kwani wapo wasiojua na hurekebisha papo hapo. Akishikilia, ipeleke habari Kamisheni ya Kazi, na ikiwa umekwisha fanya kazi na hukulipwa haki yako, kipo Kitengo cha Usuluhishi wa Migogoro ya Kazi kinachosikiliza mashauri ya namna hiyo. Nenda na chochote ulicho nacho: mkataba, ujumbe wa simu, daftari la mahudhurio, majina ya uliofanya nao kazi. Tutabaki hapa ukumbini hadi isha. Mwenye tangazo au risiti mkononi na aje tuisome pamoja.